Aminieli Alivyokwenda Same Kumtazama Mrithi Wake

Kama hujawahi kupanda kutoka Hedaru hadi kijijini kwetu juu ya lori la tangawizi, humjui Aminieli. Na kama umepanda, huenda unamjua kwa mgongo tu, maana yeye huning'inia nyuma, mguu mmoja kwenye bampa, mwingine hewani, mkononi gogo la mti mgumu lenye kamba. Lori likizimika mlimani, dereva wetu Habibu hupiga kelele, "Weka!" Aminieli huruka, hulisukuma gogo nyuma ya tairi, na sisi tulioketi juu ya magunia tunaendelea kuishi. Kazi hiyo ya utingo ameifanya miaka ishirini na miwili. Watu humwita Breki. Hata mchungaji siku moja alimtaja hivyo kwenye matangazo ya kanisani, naye akasimama bila kusita.

Mimi ni Sadock, katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kukosa akili. Akili zilizidi, mwalimu akachoka. Magari nayajua kuliko wengi, kwa kuwa niliwahi kukaa Tanga mwaka mzima jirani na gereji.

Mwaka huu, baada ya vikao vitano (sisi Wapare vikao vinne havitutoshi), kikundi kiliamua lile lori letu kuukuu lipumzike, tuchukue jipya. Tukasikia kuna maonesho ya magari Same mjini. Tukachaguliwa wanne kwenda kutazama: mwenyekiti wetu Mama Eliakunda, Habibu, Aminieli na mimi.

Jioni ya kuamkia safari tulikuwa kwa Aminieli, mkewe Priska ametupakulia makande. Habibu, mdomo umejaa, akasema bila ubaya wowote, "Malori ya siku hizi yana breki ya mlimani. Yanajishika yenyewe. Hayataki utingo."

Aminieli akaweka kijiko chini. Kazi nyingine hana, na shamba lake ni dogo kiasi kwamba jogoo wake akiwika, anawikia kwa jirani. Priska akamtazama, akaongeza chumvi kwenye makande ambayo hayakuhitaji chumvi.

"Mbuya," nikamwambia, kwa kuwa kwetu rafiki huitwa hivyo, "kesho unakwenda kumtazama mrithi wako. Vaa shati zuri."

"Nitavaa," akasema. "Na gogo langu nitalibeba."

Same tulikuta uwanja umejaa magari yanayong'aa hata macho yakauma. Msichana mwenye fulana nyeupe, jina lake Careen, akatupokea.

"Shikamooni wazee!"

"Marahaba, mwanangu," tukaitikia, isipokuwa Mama Eliakunda, aliyekuwa ameshafungua mlango wa lori la kwanza kukagua sakafu kama anakagua jiko la mkwe.

Nilipanda ndani ya lori moja jeupe. Ndugu zangu! Kuna kioo kinachoonesha nyuma bila kugeuza shingo. Kuna feni inayopuliza baridi kwenye magoti. Nyuma ya viti kuna kitanda, na nasema kweli, ni kizuri kuliko changu. Nikalala kidogo kukipima. Habibu akanivuta mguu.

Kando kulikuwa na magari ya mbio. Jekundu moja lilikuwa limelala chini kama mjusi anayeota jua. Likipita barabara ya kwetu litabaki na paa tu, na paa lenyewe halina. Mama Eliakunda akalizunguka mara mbili.

"Viti viwili tu?" akauliza.

"Viwili tu, mama," Careen akajibu kwa fahari.

"Basi hili ni gari la mtu asiye na ndugu."

Mimi nikaomba kukaa ndani. Kuingia niliingia vizuri, kama mfalme. Kutoka ndiko kulikuwa na maneno. Magoti yalikuwa karibu na masikio, na mlango uko chini kuliko makalio. Careen akashika mkono mmoja, Mama Eliakunda akashika mwingine, wakaning'oa kama muhogo.

"Nilikuwa napima kiti," nikawaambia waliokuwa wakicheka.

Baada yangu akaingia kijana wao wa kuliendesha, alirudishe nyuma kisha azunguke nalo uwanja watu waone. Akawasha. Likanguruma, likatetemeka, halikwenda. Akaongeza mafuta kidogo, likanguruma zaidi, halikwenda. Watu wakanitazama, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaambia habari za Tanga.

"Ni mafuta machafu," nikawaeleza. "Gari la namna hii lina koo jembamba. Pale Tanga tuliyaona mengi."

Hapo Aminieli akapenya katikati ya watu, anajikuna kisogo. Akainama nyuma ya gari, akavuta kamba. Gogo likatoka. Gari likarudi taratibu, kama ng'ombe aliyefunguliwa.

Kumbe uwanja ule umeinama kidogo kuelekea relini. Wakati sisi tunapima vitanda, yeye alikuwa amepita gari moja baada ya jingine akiyawekea mawe. Magari kumi na moja. Mawe yalipokwisha, lile jekundu akalipa gogo lake mwenyewe.

"Yalikuwa yamesimama kwenye mteremko bila jiwe," akasema kwa sauti ndogo. "Roho yangu ilikataa."

Careen alicheka hadi akafuta machozi. "Baba, haya hayahitaji mawe. Hilo lori jeupe, hata liwe na mzigo, ukilisimamisha mlimani linabaki pale pale. Lenyewe."

Aminieli hakucheka. Akaanza kuizungusha kamba kwenye gogo, polepole.

"Mlima gani?" Mama Eliakunda akauliza.

"Mlima wowote, mama."

"Mwanangu, Jumanne lileteni kona ya Mchome. Na atakayesema linashika au halishiki ni huyu hapa, Aminieli. Hakuna anayejua habari za kurudi nyuma kuliko yeye."

Nikamtazama Aminieli. Kweli, mtu kupewa kisu akaambiwa achinje ugali wake mwenyewe!

Kona ya Mchome ipo karibu na kijiji chetu, na imeitwa hivyo kwa sababu nyumba ya Mzee Mchome iko chini yake. Bati lake limebadilishwa mara mbili kwa sababu ya magunia yaliyoteremka bila taarifa. Jumanne tulipakia lile lori jeupe mzigo kamili. Mama Eliakunda akaamuru anayehukumu akae mbele. Aminieli akakaa dirishani, gogo katikati ya miguu, na sisi watatu tukabanana kwenye kile kitanda cha nyuma.

Njia nzima alikuwa anashangaa. "Kumbe mbele kunaonekana hivi," akasema. "Miaka yote mimi nimekuwa naona tulikotoka tu."

Pale konani, mahali pakali kabisa, dereva wa maonesho akasimamisha. Aminieli akaruka kabla hajaambiwa. Akapiga magoti kwenye vumbi, akatoa kipande cha mkaa mfukoni, akachora mstari kutoka kwenye tairi hadi kwenye jiwe lililokuwa ardhini. Nikachuchumaa pembeni yake.

"Mbuya," nikamnong'oneza, "sema limerudi inchi mbili. Mimi ndiye katibu. Nitaandika tatu."

"Kuna watu wanaokaa juu ya magunia, Sadock."

"Leo hakuna mtu."

"Mama yako hupanda Alhamisi."

Nikarudisha kalamu mfukoni. Ni nadra, lakini hutokea.

Dereva akaondoa mguu. Lori likakaa. Aminieli akalaza shavu chini, akautazama mkaa. Akataka waondoke na kusimama tena. Likakaa. Mara ya tatu likakaa, na mstari haukusogea hata unene wa ukucha. Kule chini Mzee Mchome alikuwa ameshatoa mbuzi wake nje ya banda, kwa tahadhari.

Aminieli akainuka, akapangusa magoti.

"Linashika," akasema. "Lichukueni."

Habibu akatazama chini. Mama Eliakunda akafunga vizuri kanga yake kiunoni, na sisi tunaomfahamu tukajua kikao kimeanza.

"Na wewe je?"

"Mimi nitalima."

"Utalima wapi? Kale ka kwako? Jembe likiinuliwa linashukia kwa mwenzio." Tukacheka, hata mwenyewe akacheka. "Katibu, andika. Lori limekubaliwa. Na Aminieli atakaa na mzigo wetu, kuupokea shambani na kuukabidhi Hedaru. Mtu aliyejinyima kazi mbele ya macho yangu, tangawizi yangu nampa nikiwa nimefumba macho. Mwenye neno?"

Mimi nilikuwa na neno, maana kazi hiyo ya mzigo nilikuwa nimeitamani mwenyewe, lakini nikaandika.

Sasa Aminieli anapanda mlima akiwa mbele, dirishani. Kila wakifika kona ya Mchome mwili wake unataka kuruka, mkanda unamrudisha kitini, na Habibu anamwambia, "Tulia, Breki, limeshika." Yeye ndiye anayewekewa gogo siku hizi.

Ningeishia hapo, ila kijijini mtasikia vingine, heri mnisikie mimi. Alhamisi iliyopita nilimpeleka mama Hedaru. Wakati wa kurudi akagoma kupanda.

"Mbona Aminieli simwoni nyuma?"

"Amepandishwa cheo, mama. Lori linajishika lenyewe."

"Linajishika kwa mkono upi? Mimi sipandi gari lisilo na mtu wa gogo. Kaa wewe."

Aminieli akanipitishia gogo dirishani, uso mkavu kabisa. Nikaning'inia, katibu mzima, kutoka Hedaru, watoto wa shule wananipungia mikono. Tukakaribia kona ya Mchome. Nikasikia sauti ya Aminieli kutoka mbele:

"Weka!"

Nikaruka, nikaserereka kwenye mfereji na gogo langu, vumbi hadi kwenye kope. Nilipoinua kichwa lori lilikuwa linapanda zake taratibu, wala halikuwa limesimama. Juu ya magunia mama alikuwa anashangilia, na kule dirishani ulitokeza mkono mmoja, unanipungia.