Sifa za Buibui Mpya

Bora mlisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa waliokuwepo.

Mama Rehema, Mtanzania mwenzangu anayeshona mabuibui mtaa wa La Rochelle hapa Johannesburg, aliniita kibandani kwake. "Mwanangu, Zuhura wangu anatambulisha buibui mpya chuoni Jumamosi. Anataka maelezo ya Kiswahili kizuri, na wewe mwandishi uyasome mwenyewe."

Nikafurahi kwamba binti amerithi cherehani.

"Rangi gani, mama?"

"Nyeusi tii, na mstari wa dhahabu mgongoni."

"Ni hariri?"

"Hariri yake ndiyo sifa kubwa. Nyembamba kuliko uzi wangu wote."

Sikuwa nimewahi kualikwa kusoma popote Johannesburg. Niliandika siku tatu, nikawaalika waandishi wenzangu wote waje kunisikia.

Jumamosi robot za Jeppestown, yaani taa za barabarani, zilikuwa zimezimika, nikafika nimechelewa. Zuhura akanipandisha jukwaani moja kwa moja. Nilisoma bila kuinua macho kwenye karatasi: "Ewe buibui, vazi la heshima, bibi harusi akikuvaa hata mwezi huona haya."

Watu wakacheka kidogo. Nikajua maneno yamewagusa, nikapaza sauti. "Unamkumbatia mabegani, unateremka polepole mpaka miguuni."

"Mwanangu," Mama Rehema akasema kutoka kiti cha mbele, "hebu geuka."

Nikageuka. Ukutani nyuma yangu palikuwa na picha kubwa kama mlango: mdudu mweusi mwenye mgongo wa dhahabu, ametanda juu ya jani la msituni.

"Endelea tu, kaka," Zuhura akasema kwa upole. "Ulikuwa umefika miguuni. Iko minane."