Mtoto Tuliyeletewa Hakuwa Wetu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado, nimeketi na dada yangu mkubwa Masika kwenye benchi la mbao hapa Goma, nje ya ofisi iliyokuwa ikitafuta watoto waliopotea wakati wa kukimbia vita. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Mgongoni alikuwa na binti mchanga. Aliyekuwa anamtafuta ni Bahati, mwanawe wa kwanza, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka.

Nikueleze kwanza jinsi Bahati alivyobaki nyuma. Tulikuwa tumetoka shambani, upande wa Kiwanja, milio ya risasi ikitufuata. Bahati alikuwa na homa kali na miguu haikumbeba. Yaya alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mimi nilikuwa namshika mkono baba yetu ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuzima, na shemeji hatukujua aliko. Nyuma ya soko la Kiwanja kulikuwa na mama mmoja aliyeuza unga wa muhogo. Alikuwa ameapa kwamba yeye nyumba yake haiachi. Alimgusa Bahati paji la uso, akasema mtoto huyu atafia njiani, mwacheni kwangu, homa ikishuka mtamfuata. Yaya alimlaza kwenye mkeka wa yule mama, tukaenda. Siku zilizofuata barabara ilifungwa nyuma yetu, ikawa inafunguliwa mara mojamoja kwa magari ya misaada tu.

Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na jambo jingine. Lakini pale kwenye benchi, mama aliyetutangulia alimuuliza yaya atasema nini ndani, na yaya alipomweleza, alitikisa kichwa.

"Weye, usiseme ulimuacha," alimnong'oneza. "Sema mukono ilikuponyoka kule Kibumba, watu walikuwa wengi. Ukisema ulimuacha, watasema ulimutupa. Mutoto hawatakurudishia tena."

Wengine wakaitikia. Mzee mmoja mwenye mzaha akasema kwamba kwenye benchi hili kila mutu aliponyokwa Kibumba, ile barabara lazima imepakwa sabuni. Tulicheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Yaya hakucheka. Nilimwona anasogeza midomo, anajifunza maneno ya mwenzake.

Ndani alikuwepo msichana wa ofisi, mgeni, aliyejua Kifaransa tu, na kando yake mkalimani, Muzee Zakaria wa mtaa wa Mabanga. Yaya alisema mkono ulimponyoka Kibumba. Akaulizwa upande gani wa barabara. Akajibu: katikati ya watu. Akaulizwa mtoto alikuwa ameshika nini. Akasema hakumbuki. Nami niliulizwa kama nilikuwepo, nikainamisha kichwa kukubali. Muzee Zakaria alimtazama yaya kwa muda, halafu akatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Tukangoja. Sijui kama umewahi kuona mtu anayengoja habari ya mtoto, mwanangu. Yaya alikuwa akipika anaacha moto unazima. Pikipiki ikisimama mbele ya nyumba, anatoka mbio, hata kama ni jirani tu analeta viazi. Baba alikuwa akimwambia apumzike, naye anajibu ndiyo, lakini haketi.

Halafu tukaitwa. Mtoto amepatikana.

Tulikwenda mbiombio juu ya yale mawe meusi ya volkano. Ofisini tulimkuta mvulana wa umri wa Bahati, ndani ya sweta kubwa lililomfika magotini, anakula biskuti. Msichana wa ofisi alikuwa anatabasamu. Kila kitu kinafanana, alisema kwa kinywa cha mkalimani: umri unafanana, siku zinafanana, na alikutwa Kibumba, peke yake, katika umati.

Hakuwa Bahati.

Yaya alipiga magoti. Yule mtoto akamtazama, akashuka kwenye kiti, akaja kushika ncha ya kikwembe alichojifunga. Nadhani kwake kila mama aliyepiga magoti alikuwa mama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilijua anachopima. Akisema huyu si wangu, wataanza kuuliza, na uongo utafumuka. Akinyamaza, atatoka na mtoto wa mwingine, na wake hatatafutwa tena kamwe. Msichana wa ofisi alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Mama Bahati," Muzee Zakaria alisema taratibu, "uyu ni wako?"

"Haiko wangu," yaya alisema.

"Historia inafanana. Mutoto ndiye hafanani." Mzee aliinama karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Sisi tunamutafuta kwa kufuata maneno yako, hatuna taa ingine. Ukituonyesha Kibumba, tutaenda Kibumba, hata kama mutoto wako iko analia kwingine. Na uyu ana mama wake, pengine naye anamutafuta."

Hapo yaya aliangua kilio, na katikati ya kilio akasema yote: homa, mkeka, mama wa unga. Alisema neno lenyewe alilokatazwa: "Nilimuacha." Mimi nilifumba macho nikingoja wamfukuze.

Hakuna aliyemfukuza. Msichana wa ofisi aligeuza karatasi, akaanza upya. Safari hii yaya hakukwama hata mara moja. Nyumba iko nyuma ya soko, kuna mti wa parachichi uliokatwa nusu. Yule mama ana pengo la jino la mbele na anacheka akiwa amefunika mdomo. Mtoto alikuwa na shati la njano lisilo na kifungo cha juu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Siku ile nilielewa kwamba anaweza pia kumpoteza mtoto aliyekwisha kumzaa.

Yule mvulana wa sweta baadaye alichukuliwa na shangazi yake. Sisi tulingoja tena, kwa kuwa sasa barabara ilikuwa imefungwa kabisa, na kungoja huku kulikuwa kubaya zaidi: tulijua kwamba zile wiki za kwanza, barabara ilipokuwa ikifunguliwa mara kwa mara, watu wa ofisi walikuwa wakimtafuta mahali asipokuwapo. Ilipofunguliwa tena, walimkuta Bahati nyuma ya soko, mzima. Yule mama wa unga alikuwa akimwambia kila apitaye kwamba mwenye mtoto huyu ana mtoto mchanga mgongoni na baba kipofu, na atarudi. Maneno yake na ya yaya yakakutana kama nusu mbili za kibuyu kimoja.

Bahati aliposhushwa garini hakumkimbilia mama yake. Alisimama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ulikawia," alisema.

Yaya angeweza kusema ni vita. Angeweza kusema ni barabara. Alichuchumaa mbele yake, akamjibu: "Ndiyo. Nilikutafuta mahali ambapo sikukuacha."

Mwanangu, siku hizi nanyi mnaitwa kuhojiwa, huyu kwa ajili ya kambi, yule kwa kazi, mwingine kwa safari ya nchi ya mbali. Na benchi bado lina walimu wake, watakaokuambia hadithi yako ni ndogo, au ina aibu, uchukue hii ya mwenzako iliyompitisha. Usiichukue. Cha kuazima hakistiri matako. Ulichosahau, sema umesahau. Ulichokiogopa, sema uliogopa. Na kama kuna jambo linalokuuma mno, unayo ruhusa ya kusema, "Hilo siwezi kulisema leo," kwa maana kunyamaza si uongo. Lakini usiweke la mwingine mahali pake. Wanaokusaidia watalifuata hilo mpaka mwisho, na mwishoni hawatakukuta wewe.

Mungu akupe moyo wa kukaa mbele ya kalamu ya mtu bila kutetemeka. Akupe msikilizaji mwenye subira. Na kila ulichokiacha njiani kwa kulazimika, kikungojee kikiwa hai.