Saa Thelathini Kutoka Mtini

Kiende, Mama Karimi kwa wanaomfahamu, amefunga miraa, vijiti vya kutafuna vikiwa vibichi, mjini Isiolo kwa miaka kumi na sita, na hajapanda ndege hata siku moja. Lakini muulize mwendo wa Nairobi hadi Mogadishu, atakujibu bila kukuna kichwa: kilomita elfu moja na kidogo, saa moja na nusu hivi angani. Huko ndiko mzigo wake huenda.

Asubuhi moja ya Novemba mvua iliwachelewesha wachumaji kule milimani Nyambene, na pikapu ikaleta gunia sita badala ya kumi. Ulikuwa mzigo wa kwanza wa Warsame, mnunuzi mpya wa Mogadishu. Naye alikuwa amesema wazi: kumi zikifika, atachukua kumi kila siku mwaka mzima, zikipungua, atatafuta mtu mwingine.

Mutwiri, dalali aliyewakutanisha, alitupa jicho pembeni kwenye vibunda vya miraa vilivyobaki jana.

"Mama Karimi, changanya na hivi. Weka katikati, vipya juu. Ndege ni saa moja na nusu tu! Hata chai haitapoa."

Akai, mfanyakazi wa Kiende, alikuwa akipanga majani ya mgomba ya kufungia. Akacheka. "Huyu anafikiri miraa inaota kwenye uwanja wa ndege."

Kiende hakucheka. "Wewe unahesabu tangu ndege iruke. Mimi nahesabu tangu tawi likatwe." Akamhesabia kwa vidole: imechumwa saa kumi na mbili, inafungwa hadi saa nne, mwendo wa saa tano barabarani hadi Nairobi, inakaguliwa, inalala uwanjani, inaruka alfajiri, inafika sokoni adhuhuri. "Ni saa thelathini. Ya jana itafika na hamsini na nne. Nani atatafuna kuni?"

"Nani atajua ni wewe?"

"Mimi nitajua."

Watu wa aina ya Mutwiri ni wengi. Wizi wanauita ujanja, kisha wanashangaa biashara zao zikifa. Kiende alifunga gunia sita, akaandika sita kwenye karatasi ya mzigo, na vibunda vya jana akawatupia mbuzi. Mutwiri aliondoka akinung'unika kwamba mama amemwaga unga wa wote.

Kesho yake alasiri simu ililia.

"Salaam aleikum, mama. Gunia sita?"

"Sita, Warsame. Wachumaji walinyeshewa. Ningeweza kujaza na ya jana, nikakataa."

Akai aliacha kukunja gunia tupu za kesho.

"Leo nimefungua gunia za watu wengi," Warsame akasema. "Juu mbichi, katikati takataka. Zako nimefungua zote, mpaka chini. Kesho lete ulizo nazo, ziwe kumi, ziwe nne. Ila andika jina lako juu. Sitafungua tena, nitauza hivyo hivyo."

Akai alijitolea kumwandikia. Kiende alikataa. Aliinama, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, polepole, gunia moja baada ya nyingine.