Karatasi ya Kumpeleka Papa Kiwanja

Papa, baba yetu, alifariki siku ya Ijumaa, jua likiwa utosini, katika wodi ya wanaume. Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, alikuwa amemshika mkono, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisoma bango lililokataza wageni kukaa kitandani. Nililisoma zaidi ya mara moja ili nisimtazame papa. Yaya aliponiita kwa sauti ndogo, nilijua.

Neno la mwisho ambalo papa alilisema waziwazi, siku kadhaa kabla ya sauti kumkauka, lilikuwa juu ya mama yetu. Mama alizikwa Kiwanja, mji wetu wa asili, nyuma ya nyumba, kabla vita havijatuteremsha barabarani na magodoro kichwani. Papa alikaa katika kambi ya Kanyaruchinya mpaka kambi zilipobomolewa, kisha akaja kuishi kwangu Goma, katika chumba cha mbele. Goma hakuipenda. Alisema mawe ya volkano hayamjui. "Munipeleke kwa mama yenu," alituambia. "Musinifukie mu mawe ya hapa." Tulimwitikia wote wawili. Yaya alilia. Mimi nilimwahidi kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo yanavyofanywa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu zamani ninaamini kilichoandikwa. Ofisini sipendi kuuliza. Nikiuliza ninajiona ninaomba. Papa mwenyewe alinifundisha hivyo. Alijifunza kusoma akiwa baba wa watoto, kwenye mafundisho ya kanisa, na baada ya hapo hakupita karatasi iliyobandikwa ukutani bila kusimama na kuisoma kwa sauti, hata kama ilikuwa ya mazishi ya mtu asiyemjua. Yaya hakumaliza shule. Yeye huuliza. Huanza na mlinzi, anafuata na mama anayefagia, kisha anaingia kwa karani akiwa tayari anajua karani ameamkaje.

Alasiri ile ile tulikwenda komini, ofisi ya utawala wa mji, maana hospitali ilituambia kwamba maiti haitoki mjini bila ruhusa ya komini. Foleni ilifika hadi barazani. Ukutani, nyuma ya plastiki iliyoanza kuwa ya njano, palikuwa na karatasi: mambo yanayotakiwa kwa kusafirisha maiti. Cheti cha kifo, fotokopi ya kitambulisho cha marehemu, barua ya familia, fotokopi ya kitambulisho cha anayeomba. Chini yake saa za kazi, na Jumamosi ikiwemo. Nilifurahi, kama mtu anaweza kufurahi siku kama hiyo. Niliipiga picha kwa simu.

"Tuulize kwanza," yaya alisema.

"Tuulize nini? Iko hapa, yote."

"Njo vile, lakini tuulize."

"Yaya, tukisimama mu foleni hii watafunga. Twende tutafute fotokopi, kesho asubuhi turudi na kila kitu."

Alinifuata, kwa sababu nilikuwa mwalimu na yeye alikuwa amechoka.

Jumamosi asubuhi tulikuta mlango wa komini umefungwa kwa kufuli. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye jiwe, anakula muhogo.

"Leo ni salongo," alisema. "Batu wote wako banasafisha mji. Nyinyi hamukusikia?"

Nilisahau. Kila Jumamosi asubuhi tunatoka na majembe na fagio, na mimi mwenyewe huwa natoka. Lakini karatasi ilikuwa imeandika Jumamosi, na akili yangu ilishika karatasi.

"Imeandikwa pale kwamba Jumamosi munafungua," nilimwambia.

"Imeandikwa na nani?"

Yaya alimuuliza kwa upole kama baada ya salongo makarani watarudi. Mlinzi alimtazama, akaacha kutafuna. "Mama, hawarudi. Mukuje Lundi. Poleni sana."

Wakati huo papa alikuwa katika chumba cha maiti ambamo umeme ulikuja na kuondoka upendavyo. Yule anayekitunza hakuwa mtu mbaya. Jumapili, tulipofika na shuka safi, alitutoa nje kwanza, mbali na familia nyingine zilizokuwa pale, ndipo akasema: "Muzee wenu hawezi kungoja sana. Ninawaambia sasa ili musinilaumu kesho." Yaya alikaa chini kwenye changarawe na kitenge chake kipya. Nilijaribu kumwinua, akaniambia nimwache. Nilisimama pale nikiwa na shuka mkononi, nikahisi kwamba kila saa inayopita ninamfanyia papa ubaya na sijui niuondoe vipi.

Jumatatu, hiyo Lundi ya mlinzi, tulikuwa watu wa kwanza kwenye gishe, dirisha lile dogo la komini. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Nilimpa karatasi zangu zikiwa zimepangwa kwa utaratibu ule ule wa ukutani. Alizipitia haraka, akazirudisha, akiniita papa kwa heshima.

"Papa, hizi hazifai. Muanze kwanza kwa biro ya afya. Wao njo wanatoa ruhusa, sisi tunapiga kashe, muhuri wetu, nyuma yao."

"Lakini pale ukutani hakuna neno la biro ya afya."

Alitoa kichwa dirishani akaangalia ile plastiki ya njano, kama mtu anayeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza. "Ah, ile? Ile ni ya bale balioondoka. Ni ya zamani."

"Kwa nini iko bado hapo?"

"Mimi niliikuta. Kazi yangu si kutoa karatasi ku ukuta."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuing'oa karatasi ile kwa kucha mbele ya foleni nzima. Mji ulikuwa umebadilisha wenyewe, vyeo vimebadilika, mihuri imebadilika, na mimi nilikuwa nimempotezea papa siku tatu kwa kumtii mtu asiyekuwepo tena. Yaya hakusema "nilikuambia". Alichukua karatasi mkononi mwangu, akazitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akatangulia.

Biro ya afya ilikuwa ng'ambo nyingine ya mji. Kwenye pikipiki yaya alikaa katikati, mimi nyuma, na vumbi jeusi lilitujaa mdomoni. Tulipofika nilijiapiza kwamba safari hii nitauliza. Ukutani palikuwa na tangazo, tena jipya, lenye muhuri mbichi. Sikulitazama. Nilikwenda moja kwa moja kwa karani, mama wa makamo aliyekuwa na mafua, nikaanza: "Mama, tunaomba kujua mambo yanayotakiwa..."

"Hamukusoma inje?" alinikata. "Tunaandika ya nini? Kila mutu anaingia hapa kuuliza, kuuliza. Wewe haukusoma shule?"

Nilitoka nje. Nilisoma. Tangazo lilisema kwamba maiti isafirishwe ndani ya sanduku la bati lililochomewa, nalo litiwe ndani ya sanduku la mbao. Tulikuwa tayari na sanduku la mbao, limetengenezwa na fundi wa mtaa wetu, Majengo, na majirani walikuwa wamelichangia. Bati la kuchomewa tungelipata wapi, lini, na kwa nani?

Yaya ndiye aliyerudi ndani. Nilimfuata nyuma kama mtoto. Hakuuliza chochote kwanza. Alimpa yule mama pole ya mafua, akamwambia kwamba papa yetu ana siku ya nne mahali pasipo na baridi, na kwamba tunataka tu kumlaza karibu na mke wake. Karani alipangusa pua. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama, ile sanduku ya bati ni ya batu ya ndege, ao wanaokwenda mbali. Kwa barabara mupaka Kiwanja, mbao inatosha. Lakini mufunike vizuri."

"Kweli, mama?" yaya aliuliza. "Hawatatusumbua mu njia?"

"Hawatawasumbua. Mimi ninawaandikia."

Aliandika, akapiga muhuri, tukarudi komini nako wakapiga wa kwao. Yaya alimshukuru yule mama kwa mikono miwili. Kwenye pikipiki ya kurudi aliniambia, bila kugeuka, "Unaona?" Nami niliona. Nilisema moyoni kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikisoma kuta kumbe watu ndio wa kuulizwa.

Jumanne asubuhi tuliondoka na teksi-basi iliyotolewa viti vya nyuma. Papa alikuwa ndani ya mbao, amefunikwa kwa turubai na kanga, na tulikuwa tumemwaga kahawa ya unga kuzunguka sanduku kwa ajili ya harufu. Dereva alifunga leso puani. Tulipita Kanyaruchinya, pale ambapo mahema yalikuwepo na sasa pana mawe tu na vipande vya turubai vilivyonasa kwenye miti midogo, na yaya alifumba macho mpaka tulipopita.

Kufika Kibumba tulikuta kizuizi, kamba iliyovutwa katikati ya barabara. Mkaguzi alikuwa mwanaume mwembamba, mtulivu, na utulivu wake ndio uliotumaliza. Alisoma ruhusa yetu mpaka mwisho. Akazunguka gari, akagonga sanduku kwa kidole.

"Bati iko wapi?"

"Walituambia mbao inatosha kwa barabara," yaya alisema.

"Nani aliwaambia?"

"Mama wa biro ya afya. Aliyeandika hiyo."

"Aliandika 'mbao'?"

Tukasoma pamoja. Ruhusa ilisema tu kwamba maiti isafirishwe kulingana na masharti. Mkaguzi alitupeleka kwenye kibanda chake. Kwenye ubao palikuwa na tangazo lile lile la biro ya afya, neno kwa neno, muhuri ule ule.

"Alituambia kwa mudomo, papa," yaya alisema. "Ninakuapia."

"Mama, mudomo hauna kashe. Mimi ninasoma hii. Nikiwaacha mupite, huko mbele wataniuliza mimi. Murudi Goma."

Yaya alipiga magoti barabarani. Alimwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la mama yake huyo mkaguzi. Mimi nilisema maneno ambayo siyakumbuki. Ninakumbuka tu kwamba nililia mbele ya watu waliokuwa wakishuka na magunia ya mboga, na sikuona haya. Mkaguzi aliangalia pembeni. Nadhani naye ilimuuma. Lakini kamba haikushuka. Dereva alinivuta kando akaniambia kwamba jua likipanda zaidi hataweza kubeba mzigo ule, si kwenda wala kurudi.

Pale kando ya barabara palikuwa na wanawake wanaouza viazi. Mmoja wao, mwanamke mrefu aliyejifunga mtoto mgongoni, alikuwa akimtazama yaya tangu tuliposhuka. Alimsogelea, akamshika mabega.

"Wewe, si ni wewe wa hema ya karibu na bomba?"

Yaya alimtazama muda kabla ya kumjua. Walikuwa majirani kule kambini. Watu wa Kibumba wengi walikuwa Kanyaruchinya, na kambi zilipobomolewa walirudi kwenye mashamba yao. "Na huyu mu sanduku ni muzee?" aliuliza. "Ule muzee wa kusoma makaratasi?" Yaya akatikisa kichwa kukubali. Mwanamke akaweka ndoo yake chini. Hakulia. Alituambia tungoje, akakata njia ya shambani.

Alirudi na mume wake na mzee wa kijiji. Mzee wa kijiji alizungumza na mkaguzi pembeni, kwa Kinyarwanda, muda mrefu, kisha akatugeukia.

"Kupita hamuwezi. Hilo mimi siliwezi. Lakini kizuizi hakikatazi mutu kuzikwa huku. Kama munakubali, mama huyu anawapa sehemu, mwisho wa shamba lake."

Yaya alinitazama. Ilinibidi mimi niseme, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwahidi papa kwa sauti ya mtu mzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulimzika kabla ya saa sita. Ardhi ilikuwa nyeusi na laini juu, lakini jembe halikwenda mbali kabla ya kugonga mawe, yale yale aliyoyakataa, na wanaume waliyang'oa kwa mtaimbo. Katekista wa pale aliomba sala fupi. Yaya aliimba wimbo mmoja peke yake mpaka mwisho, kwa kuwa sisi wengine hatukuweza. Mwanamke wa viazi alisema atapanda maua pembeni na hatalima juu yake, na ninamwamini.

Kisha kamba ilishushwa, tukapita, tukaendelea na gari tupu. Ilikuwa lazima tufike, kwa sababu Kiwanja walikuwa wanatungoja na simu zilikuwa hazipatikani tangu asubuhi. Tulipita Rutshuru bila kusimama. Nyumbani tulikuta viti vya kuazima uani, sufuria motoni, na nyuma ya nyumba, karibu na mama, kaburi limechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka, udongo wake mwekundu umerundikwa pembeni.

Baba mdogo alikuja mpaka mlango wa gari. Alichungulia ndani, akaona turubai na unga wa kahawa.

"Muko naye wapi?" aliuliza.

Yaya alimweleza. Alieleza komini, biro ya afya, kizuizi, shamba la viazi, na baba mdogo alisikiliza bila kumkatiza, mikono nyuma. Watu walisimama wote. Alipomaliza, baba mdogo alisema kwamba kaburi haliwezi kulala wazi. Akavua koti, akaniletea koleo, na tulianza kurudisha udongo shimoni, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.