Waya wa Kuanikia Nguo Haukuwa wa Nguo

Leo nimeungama kwa mke wangu kabla kifo hakijaniwahi.

Waya niliomfungia uani hapa Pasiansi, miaka ya Ujamaa, haukuwa wa kuanikia nguo. Ulikuwa antena ya redio yangu ya kuzungumzia na watu wa mbali. Nilimficha nisimtie hofu.

Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wewe! Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza ule waya ni wa nini, nani alikimbia kuutundikia kanga mbichi?"

Nikaenda kuifuta vumbi ile redio.

Mchana ameufunga tena mwenyewe ule waya, ulioshushwa siku nyingi, juu ya stuli, mimi nikielekeza kwa mkongojo. Nikaita redioni. Mtu wa Bujumbura akajibu: "Nakusikia vizuri sana, mzee!"

Bibi akaninyang'anya maikrofoni.

"Nishukuru mimi. Waya ni wangu."