Sahani za Bi Mize ziko chini ya kitanda changu

Admin, naomba ulifiche jina langu. Majina ya humu ndani nimeshayabadilisha mwenyewe, ila mambo yenyewe ni ya kweli na yananila.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, kwetu Singida, shule niliiacha darasa la sita. Ni mwaka wa nne sasa niko Unguja, kibarua kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe zinazokarabatiwa. Vile vichochoro gari haiingii, kwa hiyo mchanga, mawe na boriti vyote vinaingia kwa mabega yetu. Jioni nikirudi chumbani kwangu Kiembe Samaki, kuna siku nalala na viatu.

Aliyenipokea huku ni Kombo, mwenyeji wa kisiwani, amenizidi miaka kama kumi. Yeye ndiye aliyenipeleka kazini na kunitafutia chumba jirani na kwake. Mimi ni Mkristo, lakini Ramadhani yangu ya kwanza nilikula futari kwao. Siku moja mkewe, Bi Mize, alinipa sahani ya muhogo wa nazi nikale chumbani, na asubuhi nikairudisha imeoshwa inang'aa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, kwetu sahani hairudi tupu. Hata chumvi tia." Tangu hapo nikawa natia sukari, au ndizi, nilichonacho.

Mwaka jana fundi umeme mmoja alimaliza kazi yake akaniachia kitabu cha mafanikio. Sikuwahi kumaliza kitabu maishani, hicho nilikimaliza nikakirudia. Sitakisema vibaya, maana kiliniachisha sigara na kubeti. Lakini mna sura inasema ukitaka kupanda, kwanza tazama unakula na nani. Na sisi vibarua tulikuwa tunakula sinia moja, mimi na Kombo bega kwa bega.

Nikawasomea. Kombo akasikiliza vizuri, halafu akaniuliza, "Sasa hicho kitabu kinasema mchuzi nimsogezee nani?" Sinia zima likacheka. Nikamwambia, "Kaka Kombo, mtu lazima awe na lengo." Akanijibu, "Mie lengo langu hilo tonge ulilolishika." Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilijisemea, hawa ndio wale walioandikwa.

Nikahama sinia. Nikawa namfuata msimamizi na chai yangu, namuuliza maswali, nawahi kazini kabla yake. Akanipenda. Kabla ya Ramadhani hii kazi ikapungua, akaniita pembeni. "Mmoja wenu apumzike. Wewe unawajua, nani mzito?"

Ndugu zangu, hata sikufikiri. Nilisema, "Kombo. Akipandisha boriti moja tu, anakaa."

Ni kweli alikuwa anakaa. Ila sikusema kwa nini. Boriti inapandishwa ngazi na watu wawili, na wa chini ndiye anayebeba uzito. Mwaka juzi niliteguka mgongo, na tangu siku ile Kombo hajawahi kuniacha nishike chini. Kila boriti ananiambia, "Pita juu we mbara, mgongo wako wa kuazima huo." Alikuwa anachoka kwa ajili yangu, nami nikaenda kuusema uchovu wake kama uvivu.

Sasa mimi ni msaidizi wa msimamizi, boriti sibebi. Kombo anangoja mizigo bandarini na saumu yake, na siku nyingine anarudi mikono mitupu. Kwao sikanyagi tena. Nimeshasema nimechoka, nimeshasema naumwa. Basi anakuja yeye. Karibu na magharibi nasikia, "Hodi! Msomi, kitabu hakishibishi!" Napokea chakula mlangoni bila kumtazama usoni. Nakula, maana kukitupa siwezi, halafu sahani naisukuma chini ya kitanda. Sijarudisha hata moja. Kila nikitaka kutia kitu ndani, mkono unakataa. Juzi futari ilikuja juu ya mfuniko wa sufuria. Kombo akasema, "Mize anauliza, shemeji anafungua hoteli? Maana nyumbani sahani hatuna."

Hiyo juzi hakuondoka. Alikaa kizingitini, akasema taratibu, "Mdogo wangu, nnasikia wewe sasa unasikilizwa. Nisemee kwa msimamizi. Sijui nani kanitia maneno, na wala sitaki kumjua. Nnataka kazi tu." Nikaitika, "Naam, kaka."

Jana nilimwendea msimamizi. Akanitazama. "Si wewe mwenyewe ulisema mzito? Leo amekuwa mwepesi?" Halafu akasema, "Nafasi iliyopo ni hiyo yako. Umpe?" Akacheka, akaenda zake. Kwake ulikuwa utani.

Idi inakaribia, na Bi Mize ameshasema pilau ya siku hiyo lazima nile kwao. Nikisema ukweli, nampoteza mtu pekee niliye naye katika kisiwa hiki. Nikinyamaza, nitakaa kwenye mkeka wake nikimwangalia Kombo ananisogezea nyama, maana hiyo ndiyo kawaida yake. Nikimwachia nafasi yangu, nyumbani Singida wananitegemea, nami itabidi nitafute kibarua kwingine, nirudi kwenye boriti na mgongo huu. Safari hii sijui nani atakubali kushika chini.

Leo nimezitoa sahani zote, nimeziosha, nimezipanga juu ya kitanda. Za maua ya bluu, ile moja yenye ufa, na ule mfuniko. Kitabu nimekipekua mwanzo hadi mwisho, sikuona sura ya jambo hili. Ndio maana nimekuja kwenu. Msinihurumie, nisemeni mnavyotaka, lakini nishaurini. Sahani hairudi tupu. Mimi nitie nini?