Nilipowaandika Wenzangu Vibarua

Bwana shamba wa wanunuzi wa parachichi za kupeleka nje ya nchi alifika kwangu asubuhi moja ya ukungu, buti safi, tableti kwapani. Akazunguka miti yangu, akasifia visahani tulivyochimba kuzunguka mashina, akasifia matandazo. Kisha akauliza, "Mama, hawa wanaopalilia hapa ni akina nani?"

"Wenzangu."

"Unawalipa shilingi ngapi kwa siku?"

"Siwalipi."

Jamani, alivyonitazama! Utadhani nimemwambia kuna watu nimewafungia stoo. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, ukisema hivyo mbele ya mkaguzi, parachichi zako zitaishia kwenye ndoo sokoni Makambako. Huko zinakokwenda wanataka kila aliyegusa shamba lako awe na jina, siku zake, ujira wake, na sahihi yake."

Nikamweleza. Kwetu Ubenani tuna mgowe. Leo tunalima kwangu, wiki ijayo kwa jirani, wiki nyingine kwa mwingine, mpaka tumemalizana wote. Mwenye shamba hatoi hela, anapika. Makande, viazi, togwa kwa sisi wa kwaya, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa wale ambao nao ni wa kwaya lakini hawasemi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Alinisikiliza kwa adabu, maana mama yake naye ni wa huku huku, akasema, "Naelewa, mama. Lakini mkaguzi hatakula makande. Tengeneza jedwali la mishahara, tena kwenye kompyuta."

Mume wangu alipofariki niliacha kibanda changu cha mitumba Makambako nikarudi huku juu, upande wa Njombe, alikokuwa amepanda hiyo miti. Watoto wako mbali. Wananipigia Jumapili, nami nawaambia mzima. Kuna siku jua lilikuwa linazama ndipo nagundua sijatumia sauti yangu tangu asubuhi, isipokuwa kumfukuza mbuzi wa watu. Upweke ni kitu cha aibu kusema, lakini nausema. Kilichokuwa kinanishikilia ni siku za mgowe. Wanawake sita na mimi wa saba, huyu anamsema mkwe wake, yule anaimba sauti ya tatu vibaya kwa nguvu zote, na jirani yangu wa ng'ambo ya kijito anapiga kelele kutoka jikoni kwangu, "Dada, chumvi umesahau tena!" Siku hizo nilikuwa mtu kama watu.

Kompyuta nilikuwa nayo. Binti yangu aliniachia alipopata nyingine, na mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kabati chini ya kitambaa. Nikaifunga kwenye kitenge, nikashuka Makambako kwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, anayeandikia watu barua na kutoa fotokopi.

"Nifundishe eksel," nikamwambia.

"Unaijua kidogo?"

"Nimeisikia."

Hesabu haikunitisha. Miaka yote ile ya mitumba nilikuwa napiga faida ya bale zima kichwani wakati mteja bado anahangaika na zipu ya koti. Nilidhani kompyuta ni daftari lenye umeme. Thubutu! Nikapanga safu zangu vizuri: ya kwanza jina, ya pili siku alizofanya kazi, ya tatu ujira wa siku, ya nne jumla. Kwenye ujira nikaandika kama anavyoandika hela kila Mtanzania mwenye akili timamu: 7,000/=. Nikashuka mstari, 7,000/=. Nikashuka tena, mpaka wa mwisho. Yule dada akanionyesha fomula, siku mara ujira, nikabonyeza. Kompyuta ikaniletea alama ya reli, neno la Kizungu kwa herufi kubwa, na alama ya mshangao mwishoni. Nikahisi nimefokewa.

"Inanigombeza," nikasema.

Dada alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama, toa huo mkwaju na hizo sawasawa. Ukiweka hivyo yenyewe inaona maneno, haioni hela."

"Hela bila mkwaju? Si mjanja ataongeza sifuri mbele, niumbuke?"

"Humu hakuna mjanja, mama. Humu uko peke yako."

Nikavitoa vile vimkia, kimoja kimoja, kwa kidole kimoja. Jumla zikakubali kuja, lakini zikaja reli tupu, reli mstari mzima, nikamwambia sasa imenitandikia njia yote mpaka Zambia. Kumbe safu ilikuwa nyembamba tu. Ukiivuta ikapanuka, hela zinaonekana. Nilifurahi, sikatai. Nilibadilisha siku za mtu mmoja kutoka mbili kuwa tatu, na jumla ikajibadilisha yenyewe. Nikarudisha mbili, nikaweka tatu tena, kama mtoto na swichi ya taa.

Kuna kitu kimoja tu kilinichoma siku ile. Nilikuwa nimejiandika na mimi, mstari wa kwanza kabisa, maana kwenye mgowe wa kwangu na mimi nalima, tena kuliko wengi, na wenyewe wanajua. Dada akauliza, "Huyu wa juu ndiye wewe?"

"Ndiye."

"Aa, mama. Wewe ndiye mwajiri. Mwajiri hakai na vibarua." Akabonyeza. Mstari wangu ukatoka, na wale wa chini wakapanda kuziba nafasi. Nikamlipa hela yake nikaenda kupanda gari.

Nyumbani nikapita nyumba kwa nyumba kuomba vitambulisho, maana nilikuwa nimewaandika kwa majina ya watoto wao na mkaguzi anataka yao wenyewe. "Unatuandikisha kura?" wakaniuliza. Nikawaeleza habari ya mkaguzi na ya ujira. Jirani yangu wa ng'ambo alinipa kitambulisho chake kwa vidole vyenye unga.

"Na hapo kwako tutakula kama kawaida?"

"Mtakula."

"Na hela juu?"

"Na hela juu."

"Ukistaajabu ya Musa!" akasema. Tukacheka mpaka kuku wakakimbia.

Palizi ya kwanza ya mshahara ilikwenda vizuri mno. Walifika mapema, wakashika mistari, kazi ikapaa. Hakuna aliyeegemea jembe kusimulia ya mkwe. Aliyejaribu aliambiwa, "Wee, bosi anaona!" Wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ni utani wa siku moja. Jioni nikakaa mezani uani na karatasi niliyochapishiwa Makambako, nikaita jina kwa jina. Jirani yangu huyo, aliyeniogesha kwa nguvu mwezi niliofiwa kwa sababu nilikuwa nimekataa kutoka kitandani, alipokea elfu saba yake kwa mikono miwili na kupiga goti. Kunipigia goti mimi! Nilitaka kumwambia acha ujinga wako, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni.

Makande yalikuwa tayari. Mmoja akasema anawahi dukani kabla hapajafungwa, maana leo ana chochote. Mwingine ameacha mgonjwa. Mwingine akasema, "Bosi, umeshatulipa, na chakula tena tukumalize?" Wakaenda, wananiaga vizuri tu, hakuna aliyenuna. Nilibaki uani na sufuria la watu saba. Niliyala siku mbili, siku ya tatu nikawapa kuku.

Kisha ikaja zamu ya jirani. Viazi vyake vilikuwa vinataka kupandishiwa udongo, nilikuwa naviona kutoka kwangu. Nikakaza mpini wa jembe, nikasubiri kuitwa. Siku moja nikiwa chini ya miti yangu nikawaona ng'ambo, vitenge vyao, migongo imeinama mstari mmoja, na upepo ukibadilika naletewa wimbo. Walikuwa wameanza bila mimi. Nilikaa chini pale pale kwenye matandazo, nikakaa mpaka makalio yakaloa.

Jumapili nilimkamata jirani mlangoni mwa kanisa. "Mbona hukuniita?"

Alishangaa kwa dhati, wala si uigizaji. "Bosi, tungekuitaje? Mgowe ni deni. Ulikuwa unakuja kwangu, nakuja kwako. Sasa umetulipa. Hatudaiani."

"Lakini mimi nataka kuja."

"Tutakulipa nini sisi?" Alisema hivyo huku ananitoa uzi uliokuwa umenasa begani, taratibu, kama zamani. 

Nilirudi nyumbani nikalia, nikalia kwa hasira. Hasira na nani, sijui. Na bwana shamba, na mkaguzi nisiyemjua, na ile kompyuta. Nikaifungua, nikaongeza safu mpya kando ya jumla: "Siku wanazonidai niende kwao." Nikaweka moja moja kwa kila mtu. Halafu? Fomula yake ingekuwa ipi? Nikijiandika siku ya kwao, ujira wao utabaki pale pale, na ujira nikiufuta, mkaguzi ataniuliza. Nilijaribu hivi na vile mpaka chai ikapoa, kisha nikaifuta safu yote. Yule dada wa steshenari alisema kweli kwamba humo ndani uko peke yako.

Mkaguzi alikuja, akaridhika. Bwana shamba akanishika mkono: "Mama, jedwali lako ni la mfano, nitawaonyesha wakulima wengine." Parachichi zikaenda. Bei ilikuwa nzuri, nisije nikajifanya hela ilikuwa chungu. Ilikuwa tamu sana, nikabadilisha bati za jikoni zilizokuwa zinavuja tangu enzi za marehemu. Mafundi walipomaliza nikasimama jikoni kutazama juu, na sikuwa na wa kumwita aje kuona.

Msimu wa viazi uliofuata nikasema potelea mbali. Baada ya ibada, mbele ya wenzake wote, nikamwambia jirani, "Jumamosi nakuja kwako kulima. Uniite, usiniite."

Wakatazamana.  "Karibu, bosi," jirani akasema.

Jumamosi baridi ilikuwa ya kukata masikio, nami nilifika wa kwanza. Walinipa mstari wa pembeni kabisa. Mwanzo waliongea kwa heshima, maneno ya hali ya hewa na bei ya mbolea, nikadhani nimekuja bure. Kisha jua likapanda, mgongo ukashika moto, na jirani akapita nyuma yangu akapiga kelele, "Hilo tuta au kaburi la panya? Pandisha udongo!" Nikamwambia kapandishe wewe. Wote wakaangua kicheko. Baada ya hapo mtu mmoja akaanza habari za mkwe wake, mkwe ambaye sasa amenunua pikipiki na hajui kuiendesha, na hadithi ilipofika pale anapotumbukia mferejini nilikuwa nimeegemea jembe sina mbavu. Hakuna aliyesema bosi anaona. Mwenye sauti ya tatu akaimba, nami nikaimba naye, vibaya vile vile. Ilikuwa furaha ya kijinga, ya kutaka viazi visiishe.

Mchana tulikula kwenye sinia moja, viazi vya kuchemsha na maharage, vidole vinagongana. "Dada, sogeza chumvi," jirani akasema, akili yake iko kwenye chakula. Nikasogeza chumvi. Nikapulizia kiazi changu kama cha moto, na kilikuwa kimeshapoa. Moyoni nikasema, limekwisha, tumerudiana.

Jioni tulikuwa tunaosha miguu uani kwake. Akaniita pembeni, nyuma ya jiko. Nikajua anataka kunipa viazi vya kwenda navyo, ndivyo alivyo. Akafungua fundo kwenye ncha ya khanga, akatoa noti ya elfu tano na ya elfu mbili, zimekunjwa pamoja, akanishikisha mkononi.

"Za nini?"

"Za leo. Uliposema unakuja nikauza debe moja la mbegu, nisije nikakudhulumu."

"Sitaki hela, mwenzangu. Nimekuja mgowe."

"Chukua," akasema, taratibu, macho yamenitazama usoni. "Sisi tulipokea yako, hatukukataa."

 Mbegu yenyewe alikuwa ameihifadhi ya kupanda msimu ujao, nilijua hivyo. Nikatazama wenzake pale uani, wanagombania kopo la maji.

"Na wale umeshawapa?"

"Hao?" Akageuka kuwatazama, akatabasamu. "Hao tunajuana."

Nikasema asante. Nikachukua jembe langu nikashika njia. Sijafika kijitoni, nikawasikia nyuma yangu wanabishana, kwa kelele na vicheko, Jumamosi ijayo ni kwa nani.